Waliniuliza Kama Nilikuzaa

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mwanangu mpendwa Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwetu. U hali gani, na mjukuu wangu je? Kile kikohozi kimemwachia? Sisi wazima, ila goti langu lina maoni yake siku za baridi.

Najua unangoja neno moja tu, nami mwalimu mstaafu sijui kutoa jibu bila maelezo. Basi nianze na jibu: viza wamenikatalia.

Dirishani pale ubalozini karani aliniuliza wewe ni nani kwangu. Nikasema, "Mwanangu."

"Ulimzaa?"

"Alimzaa mdogo wangu, marehemu. Mimi ni mama yake mkubwa."

Mkalimani, maskini, akatafsiri neno kwa neno. Karani akanitazama nilivyo mwembamba kama ufito, akauliza, "Mkubwa wapi?" Nilicheka peke yangu. Sheria yao humruhusu mama mzazi kwenda kumsaidia binti aliyejifungua. Dada wa mama, kwao, ni jamaa wa mbali.

Niliuliza pia habari za kituo cha watoto na posho ya uzazi. Ni vile vile ulivyoambiwa huko: ni vya akina mama wenye ukaazi wa kudumu. Kodi unakatwa kama wenzako, lakini kibali chako ni cha kazi tu. Kwa lugha nyepesi, wameikaribisha mikono yako ifue mashuka ya hospitali yao; mtoto uliyembeba mgongoni hawakumwona.

Sasa lile uliloniuliza kwenye simu, kama umlete huku nimlee nilivyokulea wewe. Mwanangu, moyo wangu ulisema "mlete" kabla hujamaliza kusema. Mjomba wako seremala amekwisha kukiongezea kitanda chako cha utotoni ubao wa pembeni, asianguke. Jioni nakaa jikoni, chakula kimeiva, mikono haina wa kumbeba.

Lakini nilikuwa na swali la mwisho kwa karani: mtoto akitoka, atarudi? Akasema akikaa nje muda mrefu kibali chake kinakufa; kumrudisha ni kuomba upya, na ahadi hakuna.

Basi usimlete. Mimi nitamwona akiota meno kwenye simu. Wewe usije ukamwona hivyo.

Yule fundi cherehani wa ghorofa ya chini, aliyejitolea kukaa naye ukiwa zamu ya alfajiri, mkubalie. Unasema unaona haya kumtwisha mzigo mtu asiye ndugu. Haya haibembelezi mtoto. Heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali, na safari hii ndugu wa mbali ni mimi. Mpe ufunguo, umwoneshe mtoto anavyopenda kushikwa. Na kama kinachokosekana ni undugu, nampa cheo changu: mtoto na amwite mama mkubwa. Hilo halina dirisha la kukatalia.

Mjomba wako anakusalimu, na muuza mboga jirani yetu anasema umekuwa mchoyo wa picha. Mungu awafunike nyote wawili, akujalie nguvu kazini na usingizi ukirudi.

Nisalimie fundi sana. Mwambie namshukuru, na namwonea wivu.

Akupendaye kama aliyekuzaa,
Mama yako mkubwa