Homa ya Kwaresima

Mikese,
Jumanne baada ya Pasaka, 1907

Kwa Mama yangu mpenzi, Paskalia,

Shikamoo Mama. Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Mlali, na goti halikusumbui sana sasa mvua zimeanza. Mimi mwanao Alois sijambo. Namwomba Mwalimu Benedikto anayekusomea asiruke neno, hata pale atakapoona haya kwa ajili yangu.

Kuku uliyenitumia nilimpokea. Mletaji aliniambia umesema mgonjwa anywe mchuzi, na kwamba Kasiani hana akili, amekimbilia kazi ya reli na kuacha palizi wakati kaka yake yuko kitandani. Nilisikia yote hayo, nikanyamaza, na kuku nikamla.

Mama, Kasiani hakukimbilia reli. Kwaresima ilipoanza alipanda mlimani kwangu misheni kuniletea maharage. Mimi nilikuwa nawafundisha watoto jinsi Bwana wetu alivyojitoa badala yetu, na nilifundisha vizuri, nisijisifu. Tena nilifunga kupita sheria ya Kanisa, kutwa kwa maji matupu, nikakonda mpaka wanawake wakanihurumia. Kusema kweli nilipenda kuhurumiwa.

Kasiani akiwa bado kwangu, wakaja askari wa akida kutaka mtu wa kwenda kujenga reli, na jumbe akanitaja mimi. Wakanikuta nimejifunika gubigubi, natetemeka. Wakasema ugonjwa si shauri lao, hawarudi mikono mitupu. Kasiani akawaambia wamchukue yeye. Akaondoka bila kuagana nami, maana nilikuwa nimegeukia ukutani.

Ijumaa Kuu padre alinichagua nibebe msalaba katika Njia ya Msalaba, kwa sababu ya mfungo wangu. Modesta, yule mjane jirani yangu, aliwaambia wenzake kwamba mwalimu ametoka kwenye homa akaja kuteseka na Bwana. Msalaba wenyewe ulikuwa wa mianzi, mwepesi. Tulipofika kituo cha tano, padre akasoma jinsi askari walivyomkamata Simoni akitoka shambani, mtu asiye na kosa, wakambebesha. Hapo nikasimama. Nikamkabidhi msalaba Dominiko aliyekuwa nyuma yangu, nikateremka mlima na kanzu yangu ya kanisani, nikashika njia ya huku Mikese, kwenye kazi ya reli.

Sasa nisikuzungushe, Mama. Sikuwa na homa. Nilikuwa nimemwona Yohana, kijana wa pale misheni, akirudi kutoka relini, mgongo umechanika kwa kiboko, nikaogopa. Kule kutetemeka kulikuwa hofu, na kukonda kulikuwa sifa. Nilimwacha mdogo wangu aende, nami mzima.

Nilimkuta Kasiani amelala kibandani. Taruma, lile pande zito linalolazwa chini ya reli, lilimwangukia mguuni, vidole vimevunjika. Nikapiga magoti nikamweleza yote. Alinisikiliza, kisha akasema, “Nilijua, Kaka. Asubuhi ile uliniomba chumvi ya uji. Mwenye homa haombi chumvi.”

Nikamuuliza kwa nini basi alikwenda. Akasema aliniona naogopa, na yeye hakuogopa sana. Tangu hapo sijaweza kumtazama usoni.

Msimamizi amekubali tubadilishane, kwa kuwa mwenye mguu mbovu hamfai. Kwa hiyo mimi nimebaki hapa, na Kasiani anakuja kwako polepole, kwa fimbo. Mkandie mguu kwa maji ya moto, na palizi umtafutie mtu.

Barua hii anaibeba Kasiani mwenyewe. Hajui kusoma, anadhani ni salamu tu. Alinisihi nisikuambie lolote. Amesema yeye atakueleza kwamba nilikuwa mgonjwa kweli, tena mahututi, ili usinichukie. Mama, Kasiani hajawahi kukudanganya tangu umzae. Akianza leo kwa ajili yangu, usimsadiki.

Nisalimie shangazi Mosi na wote wa nyumbani. Ukiona vema, niombee. Usipoweza, sitanung’unika.

Ni mimi mwanao, mwenye haya,
Alois