Kofia ya Shija

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Huku Samuye hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna dengu, na yule ng'ombe mweupe amezaa ndama jike.

Unaniuliza kama umdanganye mwenye fremu ya duka huko Geita kwamba umetimiza miaka kumi na minane, ili akupangishe ufungue saluni.

Mimi nilipokuwa na miaka kumi na sita kama wewe, nilitaka kukodi cherehani kwa mjane mmoja wa Tinde. Watoto hakuwakodishia. Basi nilimbeba mgongoni Shija, mtoto wa dada yangu, nikajitambulisha kuwa Mama Shija. Mjane alinipa kiti, akamnywesha mtoto uji, tukaandikiana mkataba.

Mwezi haukuisha, cherehani ikaniharibikia. Mjane alipokuja kudai matengenezo, baba alitupeleka kwa mtendaji wa kijiji, akasema mimi ni mtoto na mkataba wa mtoto haushiki. Mtendaji akakubali. Tulishinda.

Mjane hakubishana. Alinigeukia mimi, akaniuliza:

"Hata Shija si wako?"

Nikatikisa kichwa. Akatoa kwenye mkoba kofia ndogo ya sufu aliyokuwa amemfumia, akaiweka mezani, akajitwika cherehani yake mbovu na kuondoka.

Mwambie mwenye fremu umri wako wa kweli, mama. Akisita, nipigie, nitapanda basi nije niandike jina langu badala ya lako.

Shija sasa ana wajukuu. Kofia ile hajawahi kuivaa, sikuweza kumpa.

Bibi yako anayekupenda