Vidole Vilivyokatazwa Gita

Shoga, nimejificha stoo ya saluni. Mteja yuko kwenye kiti, nusu kichwa bado, na mimi sijui nitatokaje humu.

Si unajua mwalimu wangu wa gita alinikataza kuligusa siku tatu? Vidole vilivimba kwa kufululiza mazoezi. "Pumzika, utapiga vizuri zaidi." Nikatii. Gita liko kabatini, naapa.

Sasa namsuka huyu mama, wimbo ninaojifunza kwenye gita unanizunguka kichwani. Kumbe vidole vya kushoto vinacheza. Juu ya kichwa chake.

Akaniuliza taratibu, "Mwanangu, unanisuka au unapiga gita?"

Gita. Alisema gita, shoga.

Kumbe ndiye mama mzazi wa mwalimu, na mwanawe alishamsimulia habari zangu! Akampigia palepale, kaweka spika, saluni nzima inasikia. "Mwanafunzi wako msusi hapumziki. Anafanyia mazoezi kichwani kwangu."

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa. Kaniongezea siku mbili za kupumzika.

Nikadhani yameisha. Mama akageuka, akanishika mkono. "Halafu kidole cha tatu kinachelewa. Huyo mwalimu wako naye alianza hivyohivyo."

Na kinachoniuma, shoga, ni kweli kinachelewa.