Mama Zaina, Michoro Yako Imekataa Kufunguka

Mama Zaina, mke wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti chako, mbele ya mashini yako ya kudarizi, hapa dukani kwetu Buyenzi. Sijui maneno haya yatakufikaje. Dua nakuombea kila sala. Lakini kuna mambo ya dunia niliyozoea kukwambia wewe tu, na tangu tukuzike sina wa kumwambia.

Nilipoteza michoro yako. Nilidhani nimeipoteza, na kwangu ilikuwa kama kukuzika mara ya pili.

Unanijua, mi ni mutu wa magari. Kompyuta yako nilikuwa naipita kwa mbali, na wewe ukinicheka: "Baba Zaina, iguse, haiumi!" Sasa ulipoondoka, kanzu za kwaya za Madamu Espérance, yule karani wa shule, zilikuwa bado zimekunjwa kwenye kabati. Ile misalaba na maua ulikuwa umeshaichora yote kabla homa haijakuangusha. Ilibaki kufungua mchoro na kuupeleka kwenye mashini. Zaina wetu ulimfundisha nyuzi na fremu, kompyuta hukuwahi.

Na mdogo wako Saidi alikuwa juu yangu. "Shemeji, mashini itakaa bure hapa. Tuiuze." Nikamwambia apana, Zaina ataifanyia kazi. Nilisema hivyo kwa sauti kubwa, huku naogopa.

Basi nikaufungua mchoro wa msalaba. Kikatokea kisanduku cha Kifaransa, kinaniuliza nataka kuufungua na programu gani. Labda ni ile programu ya mpira aliyoiweka Saidi iliyovuruga mambo, sijui. Nikagusa jina la kwanza nililoliweza kusoma, Bloc-notes, na pale palipoandikwa "toujours", yaani daima, nikatia alama, nikidhani ndivyo inavyotakiwa. Ukurasa mweupe ukajaa takataka. Herufi za ajabu, vijisanduku, alama za kuuliza. Nikafunga, nikafungua maua. Takataka. Nikafungua ule mchoro wa shela uliowapendeza bibi harusi wote wa mtaa huu. Takataka. Ile picha ndogo ya sindano iliyokuwa kwenye kila mchoro ilikuwa imetoweka kote. Michoro yote sasa ina sura ya kijitabu. Kazi yako yote, mke wangu. Yote.

"Papa, umefanya nini?" Zaina alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nikaibeba kompyuta hadi mjini kwa fundi mmoja. Aliangalia kidogo tu. "Mzee, hizi zimeharibika. Tufute yote, nikuwekee upya." Kufuta! Nikampokonya kompyuta mikononi mwake, watu wakageuka kunitazama. Nilirudi kwa miguu nimeikumbatia kifuani, jua linaunguza, na mimi na ndevu zangu nalia barabarani. Nilikuwa nakuita. Nilikuwa nasema, rudi dakika moja tu, unionyeshe, kisha uende.

Nikakuta Saidi ameleta mnunuzi, anapima mlango kama mashini itapita. Sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Nilikaa chini sakafuni. Ndipo Madamu Espérance akaingia, amekuja kuangalia kanzu zake.

"Zichukue tu, Madamu," nikamwambia. "Kazi imekufa na mwenyewe."

"Ihangane, vumilia, Baba Zaina. Nionyeshe kwanza."

Akakaa. Hakufungua kitu. Aliweka mshale juu ya msalaba, akabonyeza upande wa kulia, akasoma polepole. "Unaona? Uzito wa faili uko palepale. Hakuna kilichofutika. Wewe uliiambia tu kompyuta kwamba michoro yote ya namna hii ifunguliwe na programu ya kuandikia. Hiyo haijui kushona, inaona herufi tu. Programu ya Mama Zaina ilikuwa gani?"

Zaina akasema, "Ile ya sindano."

Madamu akabonyeza "Ouvrir avec", pale pa kuchagua programu ya kufungulia, akatafuta hadi akaipata ile ya sindano, akatia alama palepale kwenye "toujours" pangu, akakubali. Sindano zikarudi zote kwa mara moja. Msalaba wako ukajaa kwenye kioo, na maua yako mekundu yameuzunguka.

Nilidhani nitafurahi. Zaina akaendelea kufungua, mmoja baada ya mwingine, akafika kwenye mchoro wako wa mwisho. Ni ua lenye petali mbili, na ya tatu imeishia katikati. Nikajua ni hapo ulipoinuka ukasema kichwa kinakuuma, unakwenda kujilaza. Niliweka paji la uso juu ya meza. Madamu alinishika bega. Hata Saidi alimtoa mnunuzi nje, na hajanitajia tena habari ya kuuza.

Kanzu zimeisha leo, Mama Zaina. Zaina amezishona mwenyewe. Ya mwisho ilipotoka kwenye fremu aliinyanyua juu, akageukia mlango wa nyuma, akaita kwa furaha: "Mama, njoo uone!"

Kisha akakumbuka. Ungeona uso wake. Alibaki na kanzu mikononi, nami nikabaki nimemtazama kama mjinga, sikumwambia neno.

Ndiyo maana nakuandikia. Sijui kumlea binti peke yangu, na nyumba hii bila sauti yako siiwezi. Lakini nenda salama, mpenzi wangu, Mwenyezi Mungu akupanulie kaburi lako. Nakuahidi jambo moja. Siku Zaina atakapokuita tena, nitaitika mimi.

Mume wako,
Baba Zaina