Karatasi Chini ya Mguu wa Meza

Wanangu,

Maharage yameiva, yapasheni tu. Sare ya mdogo wenu imebaki vifungo viwili, mmalizie wenyewe.

Nimekwenda hospitali na jirani. Tangu juzi nawaambia jicho nililotolewa mtoto wa jicho linaona nyuzi nyeusi zikielea, na vimulimuli pembeni. Mkacheka: “Mama, hizo nyuzi za cherehani, jikung’ute!” Nami mjinga nikajikung’uta siku mbili nzima. Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Leo asubuhi natunga uzi, kivuli kikafunika nusu ya jicho.

Nikatafuta karatasi ya daktari. Nimeikuta mmeikunja mkaitia chini ya mguu wa meza, eti isiyumbe. Imeandikwa wazi: baada ya upasuaji, utando wa nyuma ya jicho unaweza kubanduka. Ukiona nyuzi au vimulimuli, njoo siku hiyohiyo.

Siku hiyohiyo!

~~Asinifuate mtu.~~ Mkubwa aniletee shuka na sweta.

Meza ikiyumba, vumilieni. Karatasi yenyewe ndiyo hii, nimeandika nyuma yake. Igeuzeni msome, ninyi wenye macho.

Mama yenu