Duara la Juu

Shikamoo, Mwalimu Masanja.

Habari ya msiba wako ilinikuta chini ya ardhi. Nilipopanda juu walikuwa wameshakuzika huko Samuye, na mimi niko huku machimboni Rwamgasa, sikutia hata konzi moja ya udongo. Ndiyo maana naandika. Mwandiko wangu unaujua, usicheke.

Mwalimu, nimeanzisha timu. Nikitoka kazini mgongo unakataa, lakini jioni nabeba mpira naenda.

Watoto wa hapa wanashinda na mama zao wakiponda mawe na kuosha mchanga wa dhahabu. Siku ya kwanza nilipita nikitangaza kama wewe: "Jioni watoto wote kwenye duara." Nilisahau niko wapi. Huku duara ni shimo la dhahabu. Mama Neema alinifuata na nyundo yake ya mawe mkononi: "Umechoka kukohoa peke yako, unataka na mwanangu akakohoe?" Hakuja mtoto hata mmoja.

Ningeweza kutafuta neno lingine. Sikutaka. Kwako duara lilikuwa kushikana mabega, kila mmoja aseme ameamkaje, ndipo mpira uguswe. Ulizunguka nyuma yetu ukiuliza, "Nani hajasema?" Mara nyingi nilikuwa mimi. Siku moja ulinisubiri, wenzangu wakanizomea, mpaka nikasema: nyumbani hatujala. Kesho yake ulileta viazi vikavu, michembe ya kutosha timu nzima, ukasema leo ni mazoezi ya meno. Shule niliiacha, Mwalimu. Mazoezi yako sikuyaacha.

Basi nilimrudia Mama Neema, nikamweleza, nikamwomba aje aone mwenyewe. Alikuja, na nyundo yake. Watoto wachache wakashikana mabega. Zamu ya Neema ilipofika akasema haendi shule, anabeba maji ya kuoshea mchanga. Nilijua hapo timu imekufa. Nikauliza lako: "Nani hajasema?"

Mtoto mmoja akajibu, "Mama Neema."

Walicheka wote. Mama akaweka nyundo chini. "Mimi nimechoka," akasema. "Maji nitabeba mwenyewe. Ila mtu wangu mnirudishie kabla ya giza."

Neema sasa ndiye golikipa wetu, na asubuhi namwona amevaa sare ya shule. Mama yake amenisaidia kuwaleta wengine. Wenyewe wanaliita duara la juu, wasichanganye na lile langu la chini. Wapo watoto ambao wazazi bado hawajawaachia. Kwao nitarudi, na nitarudi tena. Mgongo ukigoma kabisa, nitafundisha nimekaa.

Nikija Samuye nitafika kwako kabla sijafika nyumbani, na konzi yangu ya udongo.

Lala salama, Mwalimu. Ukiuliza huko nani hajasema, leo si mimi.

Wabeja, asante kwa yote.

Shija wako