Mchezaji wa Pili

Saa tisa alasiri mchezaji wa pili alisimama tuli kwenye skrini, na Mama Abeli akaniuliza, "Fundi, umemfanya nini mwanangu?"

Alisema "mwanangu", rafiki yangu Optatus. Ndivyo alivyosema.

Ni ile mashine ya gemu ya zamani ya marehemu Abeli, wa hapa nyuma ya duka langu Chang'ombe. Mama yake aliileta kwa sababu iliacha kutoa picha. Nikaifungua, nikachomelea waya uliokatika, picha ikarudi. Ningeishia hapo.

Lakini unanijua, kifaa hakitoki kwangu kichafu. Nikafungua na pedi za kuchezea. Ya pili ilikuwa na jasho lililoganda na vumbi chini ya kitufe. Nikasugua kwa spiriti mpaka shaba ikang'aa.

Kumbe uchafu ule ndio uliokuwa unamtembeza mchezaji wa pili bila mtu kushika pedi. Na mama amekuwa akicheza naye kila jioni tangu mazishi. Kila jioni!

Nikamweleza: mama, ilikuwa hitilafu tu, umeme ulipita pasipotakiwa.

"Sijakuuliza habari za umeme. Mrudishe."

Akaenda nyumbani, akarudi na vumbi kwenye leso. Amelifagia chini ya kitanda cha Abeli.

Vumbi kavu halipitishi umeme. Najua hilo, Optatus. Nikafungua pedi, nikalimimina hivyo hivyo.

Tukawasha. Kwenye skrini, mchezaji wa mama akatembea mpaka mlangoni, akageuka, akangoja.

Wa pili hakusogea.